"Ndivyo Alivyo"

Wiki hii nataka tuyatazame maneno mawili tunayoyatamka kila siku mitaani kwetu: "Ndivyo alivyo."

Hapa Temeke nimeyasikia yakisemwa juu ya jirani yangu, mtu mzima mwenye usonji na ulemavu wa akili. Hasemi. Furaha yake ilikuwa kupanga vizibo vya soda barazani. Bibi yake aliyemlea alipofariki, vizibo akaviacha. Akakataa chakula, usiku akawa halali, akawa anajiuma mikono. Sisi majirani tukasema, ndivyo alivyo. Alipopelekwa kutibiwa, huko nako akarudishwa na jibu hilo hilo.

Kosa hili si la Temeke peke yake, wala si la jana. Nchini mwetu, wagonjwa wa akili walianza kutunzwa Lutindi, milima ya Usambara, mwaka 1904. Hospitali ya Mirembe, Dodoma, ikafuata mwaka 1927. Enzi hizo usonji ulikuwa haujatambuliwa kama tunavyoutambua leo. Mwaka 1943 Daktari Leo Kanner, huko Marekani, alieleza habari za watoto 11 wenye hali hiyo. Kwa kuwa walikuwa watoto, dunia ikauona usonji kuwa jambo la utotoni, ikasahau kwamba mtoto hukua.

Kuhusu sonona, yaani ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, wataalamu wengi waliamini kwamba mwenye akili pungufu hawezi kuupata. Mwaka 1982 Steven Reiss na wenzake, Marekani, waliwapa wanasaikolojia maelezo ya mtu mwenye hofu kubwa inayomtesa. Walipoambiwa kwamba mtu huyo ana ulemavu wa akili, hofu ile ile wakaiona si ugonjwa sana. Ulemavu ulikuwa umeyafunika maradhi, kama kivuli.

Shule kama Mtoni Maalum na Sinza Maalum hupokea watoto wenye ulemavu wa akili. Lakini shule ina mwisho. Baada ya hapo wengi hubaki nyumbani na mama au bibi, na siku mlezi huyo anapoondoka, dunia yao yote huondoka naye. Hawezi kusema "nina huzuni". Mwili wake ndio husema.

Basi tusimlinganishe na watu wengine. Tumlinganishe na yeye mwenyewe, alivyokuwa mwaka jana. Kwanza apimwe meno, masikio na tumbo, maana maumivu nayo humbadilisha mtu. Kisha aulizwe daktari juu ya sonona, kwa sababu inatibika. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki yake ya matibabu.

Shangazi wa jirani yangu alimrudisha kwa mganga, safari hii akiwa na mfuko wa vizibo mkononi. Alivimwaga mezani, akasema: "Daktari, huyu sivyo alivyokuwa."

Siku hiyo ndipo alipoanza kutibiwa.