Upinde wa Pembe, Mshale wa Mwanzi

Mwaka 1572 Yi Sun-sin alikuwa katikati ya mtihani wa uofisa wa jeshi mjini Seoul pale farasi alipomwangusha, mguu ukavunjika. Simulizi zinasema alikata tawi la mti, akaufunga mguu na kuendelea. Hakufaulu. Aliurudia mtihani mwaka 1576 akapita, na ndiye huyo aliyekuja kuziangamiza meli za Wajapani baharini. Katika Korea ya ufalme wa Joseon, aliyetaka kuwa ofisa ilimbidi ajue kupiga mishale akiwa amesimama na akiwa juu ya farasi anayekimbia.

Desturi hiyo ilikuwa ya kale. Huko Ji'an, kaskazini-mashariki mwa China, lipo kaburi la enzi za Goguryeo, ufalme wa kale wa Korea, linaloitwa Muyongchong. Katika mchoro wa ukutani wa karne ya 5, mpanda farasi amegeuza kiwiliwili nyuma kabisa, ugwe umevutwa, kulungu wanatimka. Kwa mkao kama huo upinde mrefu ungekuwa kero tupu: ungegonga shingo ya farasi kila mpigaji anapouhamisha kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

Lakini ufupi hupunguza nguvu, na mafundi wa Korea waliifidia kwa namna ya kutengeneza. Kiini cha upinde wao, gakgung, ni mwanzi na mforosadi. Upande unaomtazama mpigaji hubandikwa pembe ya nyati-maji, upande wa pili kano za ng'ombe, na vyote hushikwa na gundi ya kibofu cha samaki. Ukivuliwa ugwe, upinde hujikunja kinyume hadi karibu uwe duara. Pembe zenyewe zilitoka nje, kwa kuwa nyati-maji si mnyama wa Korea. Katika karne ya 15 watawala walijaribu hata kumfuga, wakashindwa. Dola lililojivunia wapiga mishale wake likabaki kutegemea wafanyabiashara wa ng'ambo.

Mshale ulikuwa wa nyumbani. Mwanzi hukatwa majira ya baridi, hukaushwa, kisha fundi huupitisha juu ya makaa na kuunyoosha pingili kwa pingili, akiuinua machoni mara kwa mara kutafuta mpindo uliobaki. Nyuma huwekwa manyoya ya fezanti na kipande cha mti mgumu chenye mfuo wa kupokea ugwe, kikikazwa kwa kano. Mishale huuzwa kwa uzito, kwa kipimo cha don, yaani gramu 3.75, ili ilingane na nguvu za upinde wa mwenyewe. Mwenye upinde laini akipewa mishale mizito, itaanguka kabla ya kufika.

Wafalme nao walishindana na shabaha. Inasemekana mwaka 1792 mfalme Jeongjo alirusha mishale 50, 49 ikapata shabaha, na wa mwisho akaukosesha makusudi kwa unyenyekevu. Watumishi wa ikulu wangesema nini kingine?

Mtihani wa kijeshi ulifutwa mwaka 1894, wakati bunduki ilikuwa imeshashika nafasi. Upinde ukakosa kazi, farasi akaachwa. Ila mwaka 1898 mfalme Gojong alianzisha uwanja wa Hwanghakjeong ndani ya ikulu ya Gyeonghuigung. Mwaka 1922 ukahamishiwa chini ya mlima Inwangsan, ulipo mpaka leo. Huko watu husimama kwa miguu na kupiga ubao wenye upana wa mita 2 na urefu wa mita 2.67, uliowekwa umbali wa mita 145. Kila zamu ni mishale mitano, na ugwe huvutwa kwa kidole gumba kilichovikwa pete ya pembe.

Wengi siku hizi hutumia pinde za kiwandani na mishale ya kaboni, na mtu hawezi kuwalaumu. Gundi ya samaki hulegea kwenye unyevu, kwa hiyo gakgung hutunzwa ndani ya kisanduku chenye joto, na kabla ya kufungwa ugwe hupashwa moto na kusawazishwa kwa mikono. Hata hivyo, mpiga mishale anayetaka kupanda hadi daraja la tano la ustadi na kuendelea analazimika kufanya mtihani kwa upinde wa pembe na mishale ya mwanzi. Kanuni hiyo huwapa mafundi wateja wapya, baadhi yao wakiwa wamepiga kaboni kwa miaka mingi na sasa wanajifunza upya kukadiria upepo.