Mtihani wa KCSE: usingoje Kidato cha Nne ndipo uanze kudurusu

Kila mwaka, mwezi wa Oktoba na Novemba, wanafunzi wa Kidato cha Nne katika Kakuma, Kalobeyei na Dadaab hufanya mtihani wa KCSE. Karatasi wanayopewa ni ile ile anayopewa mwanafunzi wa Nairobi au Kisumu. Mtihani hauulizi kama darasani mlikuwa wengi kuliko madawati, au kama kitabu kimoja kilisomwa na watu watano.

Alama unayopata ina uzito mkubwa. Ili kujiunga na chuo kikuu kwa shahada, unahitaji wastani wa C+ au zaidi. Ufadhili kama DAFI, unaowalipia wakimbizi masomo ya juu, na mpango wa WUSC unaowapeleka wanafunzi wakimbizi Kanada, huangalia matokeo hayo. Nafasi ni chache na waombaji ni wengi.

Makala haya yanakueleza jinsi ya kujijengea mazoea ya kudurusu mapema, kwa muda na vifaa ulivyo navyo.

Kwa nini uanze mapema?

KCSE haipimi Kidato cha Nne peke yake. Inapima miaka yote minne. Mfano mzuri ni Hisabati: Karatasi ya Kwanza hutoka zaidi katika mada za Kidato cha Kwanza na cha Pili, na Karatasi ya Pili katika mada za Kidato cha Tatu na cha Nne. Ukisahau sehemu na aljebra ulizofundishwa ukiwa na miaka kumi na mitano, umepoteza alama kabla hujaingia chumba cha mtihani.

Tena, Hisabati huwezi kuikwepa. Wastani wako huhesabiwa kwa masomo saba: Hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano uliyofanya vizuri zaidi.

Wanafunzi walioingia Kidato cha Kwanza mwaka 2024 ndio wa mwisho katika mfumo wa 8-4-4, na KCSE yao ni ya mwaka 2027. Kama wewe uko katika mtaala mpya, Gredi ya 10 na kuendelea, mazoea haya yanakufaa vilevile.

Funga kitabu, kisha ujiulize

Wengi wetu tukisema tunasoma, tunarudia kupitisha macho kwenye daftari. Maneno yanaonekana ya kawaida, tunadhani tumeelewa. Siku ya mtihani daftari halipo.

Jaribu hivi:

1. Siku hiyo hiyo ya somo: funga daftari. Andika kwenye karatasi yote unayokumbuka kwa dakika kumi. Kisha fungua uone ulichosahau.
2. Baada ya siku mbili: jiulize maswali yale yale bila kuangalia.
3. Baada ya wiki moja: fanya maswali matatu au manne ya mada hiyo.
4. Baada ya mwezi: rudia kwa ufupi.

Dakika thelathini kila siku, siku tano kwa wiki, zinakusaidia kuliko usiku mzima mmoja kabla ya mtihani. Akili husahau haraka kile ilichokiona mara moja tu. Kile inacholazimika kukitafuta mara kwa mara, hukishika.

Weka daftari la makosa

Tenga daftari moja dogo. Kila swali ulilokosa, andika swali, jibu sahihi, na sababu ya kukosa: je, hukujua, hukuelewa swali, au ulikosea hesabu? Baada ya muhula mmoja utaona makosa yako yana mazoea. Hapo ndipo pa kuweka nguvu.

Kuhusu kuelewa swali: kama ulianza shule kwa Kifaransa huko Kongo au Burundi, au kwa Kiarabu, jifunze mapema maneno ya Kiingereza yanayotumika kuuliza. Neno "state" linataka jibu fupi tu. Neno "explain" linataka sababu. Wanafunzi wanaojua somo vizuri hupoteza alama hapa.

Na usidharau Kiswahili kwa sababu umekizungumza tangu utotoni. Anayesema "bitabu" nyumbani anaeleweka na kila mtu, lakini mtihani unataka "vitabu". Karatasi ya Lugha inauliza ngeli, muhtasari na isimujamii. Haya husomwa.

Tumia karatasi za miaka iliyopita

Mwombe mwalimu karatasi za zamani pamoja na mwongozo wa kusahihisha. Kama hakuna za kutosha, nakilini maswali kwa mkono na mgawane. Usingoje umalize mtaala. Chagua maswali ya mada ulizokwisha kufundishwa.

Ukifika Kidato cha Tatu, anza kujipima kwa saa. Karatasi ya Hisabati ni saa mbili na nusu: Sehemu ya Kwanza ina maswali 16 ya lazima, na Sehemu ya Pili ina maswali 8, unachagua matano. Anayekutana na mpangilio huo kwa mara ya kwanza siku ya mtihani huishiwa na muda.

Jihadhari na watu wanaouza "mtihani uliovuja" kwenye simu. Wengi ni matapeli. Na ukikutwa na udanganyifu, Baraza la Mitihani (KNEC) linaweza kufuta matokeo yako.

Hakuna taa? Hakuna muda?

Si kila nyumba ina umeme au taa ya sola. Basi panga hivi: mchana, kukiwa na mwanga, soma na uandike. Usiku, kukiwa giza, kumbuka. Mweleze ndugu yako somo la leo kwa sauti bila kitabu. Ukikwama, weka alama akilini, uangalie asubuhi.

Kwenye foleni ya maji au siku ya mgao wa chakula, beba kikaratasi chenye fomula tano au maneno kumi. Uliza shuleni kama mnaweza kubaki darasani baada ya masomo, na mrudi nyumbani kwa kikundi kabla ya giza.

Kikundi cha kusoma kiwe cha watu watatu hadi watano. Kila mmoja afundishe mada moja. Changanyikeni: wakimbizi na wanafunzi Waturkana au Wasomali wa eneo hili mnafanya mtihani mmoja, na pengine yule unayemhitaji kwa Fizikia anakuhitaji kwa Kiswahili.

Kwa wazazi na walezi

Mzazi, huhitaji kujua Kemia ili umsaidie mtoto wako. Mwambie akueleze kwa lugha ya nyumbani alichojifunza leo. Akiweza kukueleza ukaelewa, amekielewa.

Angalia pia kazi za nyumbani. Mara nyingi msichana huteka maji, hupika na hulea wadogo zake, wakati kaka yake ameshika kitabu. Gawanya kazi, ili kila mmoja apate angalau nusu saa yake kila siku.

Anza wiki hii

Chagua somo moja linalokusumbua. Tafuta daftari la makosa, hata likiwa la karatasi ulizoshona mwenyewe. Leo jioni, funga kitabu na uandike unachokumbuka. Kesho, mpelekee mwalimu wako swali moja ulilokosa. Haba na haba hujaza kibaba.