Mbuzi na Mkulima: Historia Fupi ya Utunzaji

Chama Kikuu chetu kinapotimiza miaka 10, yatupasa, ndugu wanachama, kumkumbuka mnyama aliyetulipia karo za shule na gharama za matibabu, asishukuriwe: mbuzi.

Kwa muda mrefu mbuzi alilaumiwa ya kuwa ni mharibifu wa ardhi. Huko Kondoa, mkoani Dodoma, mmomonyoko ulizidi hata makorongo yakameza mashamba. Mwaka 1973 Serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO. Na mwaka 1979 ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda wakaondolewa katika eneo la kilomita za mraba 1,256. Nyasi na miti vilirudi. Lakini wenye mifugo walikosa maziwa, samadi na akiba yao. Mwaka 1989 ng'ombe wa maziwa walianza kuingizwa, kwa sharti la kulishwa bandani.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1980, wakulima wa Mgeta, katika milima ya Uluguru, walipokea mbuzi wa maziwa wa asili ya Norway kwa msaada wa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine. Mbuzi hao walifugwa bandani, na samadi yao ikarutubisha bustani za mboga. Hivyo ikadhihirika ya kuwa ardhi na mbuzi vyaweza kukaa pamoja, mradi pawe na utunzaji.

Hata hivyo, banda baya ni gereza. Huko Uingereza, mwaka 1965, kamati ya Profesa Brambell ilitamka kwamba mnyama afugwaye hana budi aweze kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kunyoosha viungo. Tanzania nayo ilitunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008. Mwaka huo huo sotoka ya mbuzi na kondoo ilithibitishwa kaskazini mwa nchi. Ugonjwa huo hauna dawa ya kuuponya, bali chanjo yake ipo.

Wahenga walinena kwamba mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Kamba hiyo huifunga mwenye mbuzi. Basi tumpe mnyama wetu sakafu kavu ya kichanja, maji safi kila siku, majani ya kutosha, chanjo kwa wakati, na kwato zipunguzwe kabla hajachechemea. Mbuzi mwenye afya huzaa, hukamwa na huuzika. Na faida hiyo ndiyo inayojenga Ushirika.