Kwenda Takwa Maji Yakijaa

Watu wengi waliowahi kufika Lamu wamekanyaga kisiwa cha Manda bila kujua. Ndege ikitua, inatua Manda. Unabeba begi lako, unatembea hadi gatini, unaingia boti, na dakika kama kumi baadaye uko Amu mjini ukipiga picha ya punda wako wa kwanza. Ukirudi Nairobi ukaulizwa Manda kukoje, utasema kuna uwanja wa ndege. Basi. Kisiwa kizima kimegeuzwa stendi.

Mimi mwenyewe nilipita hivyo mara mbili. Mara ya tatu nikasema nitavuka kwenda upande mwingine wa kisiwa hicho, Takwa, kwa siku moja tu, asubuhi kwenda na jioni kurudi. Takwa ni gofu la mji wa Waswahili, mji uliokuwa na watu kati ya karne ya 15 na ya 17 hivi, kisha ukaachwa. Niliamini ni safari ya kutazama kuta kuukuu na kula samaki. Ikaishia kuwa safari ya kufikiria maji, na sizungumzii bahari.

Ingawa bahari ndiyo inayoamua saa. Takwa inafikiwa kwa hori, yaani mkono wa bahari unaoingia ndani ya kisiwa, ukipita katikati ya mikoko hadi karibu ukikate kisiwa vipande viwili. Maji yakijaa, boti inapita vizuri. Yakipwa, hori inabaki tope na mizizi. Na kwa kuwa maji hujaa yakichelewa kwa karibu dakika 50 kila siku, hakuna ratiba ya kubandika ukutani kama ile ya basi la kwenda Kisumu. Nilitaka tuondoke saa mbili asubuhi. Nahodha, mzee wa makamo kutoka Shela, alinitazama kama mtu anayemwonea mtoto huruma.

"Mwanangu, mai hayajajaa. Tukienda sasa tutasukuma boti."

"Sawa baba, wewe ndiye wajua."

Tukangoja. Tulipoondoka saa nne na nusu tulivuka mkondo kwa injini, tukaingia horini, kisha akaizima injini na kuchukua pondo. Kimya kilichofuata sijui nikielezeje mtu aliyezoea Thika Road. Unasikia maji yakigusa mbao, unasikia kaa wakitembea matopeni. Mikoko pande zote mbili. Hii ndiyo miti iliyotoa boriti, na boriti ilikuwa mali: majahazi yalizibeba kwenda Uarabuni na Ghuba kwa karne nyingi, hadi serikali ilipopiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982. Boriti pia ndiyo iliyoamua umbo la nyumba za Waswahili. Chumba hakiwezi kuwa kipana kuliko urefu wa boriti inayobeba dari, ndiyo maana vyumba vya zamani Lamu ni virefu na vyembamba kama behewa. Ukifika Takwa ukaona kuta zimesimama karibu karibu, usidhani walikosa nafasi. Walikuwa wakipima kwa mti.

Mji wenyewe ulizungushiwa ukuta, eneo la hekta tano hivi. Mibuyu imeota ndani ya nyumba za watu. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na milango mingi imeelekezwa kaskazini, ambako kwa mtu wa Lamu ndiko kibla. Kuna msikiti wa Ijumaa, na juu ya kibla yake kumesimama nguzo. Hilo si jambo la kawaida. Nguzo za namna hiyo, pwani yote hii, huwa za makaburi, si za misikiti. Mwanaakiolojia James Kirkman, yule aliyechimba Gedi, alifanya kazi hapa mwaka 1951, na nguzo hii ndiyo iliyomvutia kuliko vyote. Wapo wanaosema sheikh fulani alizikwa chini ya ukuta ule. Msikiti una birika la kutawadhia na kisima. Nilichungulia kisimani. Majani makavu tu.

Lakini kabla ya kisima, kuna hili swali ambalo lazima litokee, maana nilikuwa na vijana wawili wa Nairobi niliokutana nao gatini tukagawana nauli, na mmoja akauliza lile ambalo sote tulifundishwa kuuliza: "Kwa hivyo hii ilijengwa na Waarabu, ama?"

Shuleni tulisoma hivyo. Waarabu walikuja, wakajenga, wakaoa, Kiswahili kikazaliwa, andika noti. Na kusema kweli wataalamu ndio walioanza. Kwenye kisiwa hiki hiki cha Manda, upande wa kaskazini-magharibi, kuna mji mwingine mkongwe zaidi kuliko Takwa, unaoitwa Manda pia, uliokuwa ukifanya biashara na Siraf katika Ghuba ya Uajemi tangu karne ya 9. Neville Chittick alichimba huko, akakuta vyungu vya Ghuba vilivyopakwa rangi ya kijani na buluu, matofali ya kuchoma, na kuta nene za kuzuia bahari zilizojengwa kwa mawe makubwa ajabu. Akahitimisha kwamba waanzilishi lazima walitoka ng'ambo. Kisha miaka ya 1980 Mark Horton akachimba Shanga, kisiwa jirani cha Pate, akashuka tabaka baada ya tabaka. Chini ya misikiti ya mawe akakuta misikiti ya miti na udongo, na chini yake maisha ya watu wa hapa hapa, na vyungu vyao wenyewe. Mji haukushushwa kutoka merikebuni. Ulikua.

Mwaka 2023 ukaja utafiti mwingine uliochapishwa katika jarida la Nature, wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika miji ya pwani ya Kenya na Tanzania na mji mmoja wa bara, Manda ikiwemo. Kwa wengi wa watu wa pwani, zaidi ya nusu ya asili yao ilitoka Afrika, hasa kwa mama. Sehemu kubwa ya iliyobaki ilitoka Asia, hasa Uajemi, hasa kwa baba, na mchanganyiko huo ulikuwa umeanza kufikia mwaka 1000 hivi. Kwa hiyo hadithi za wazee kuhusu Washirazi si uongo mtupu, na hadithi ya mwalimu kuhusu Waarabu si kweli kamili. Mimi naona jibu liko mdomoni mwetu. Lugha iliyobaki ni ya Kibantu. Ni lugha ya yule aliyekuwa nyumbani akilea.

Nilimwambia yule kijana hivyo. Akasema, "Sasa mbona hawakutuambia?" Nikakosa jibu la heshima.

Profesa Chapurukha Kusimba, Mkenya mwenzetu, ni mmoja wa walioongoza utafiti huo. Miaka kumi kabla, 2013, yeye na wenzake walitangaza kupata Manda sarafu ya China ya enzi za mfalme Yongle, aliyetawala tangu 1402 hadi 1424. Ndiye aliyetuma zile merikebu kubwa za Zheng He. Sarafu ina tundu la mraba katikati ili ipitishwe kamba. Inatosha kiganjani. Fikiria imesafiri kutoka China hadi kisiwa ambacho leo tunakiita uwanja wa ndege.

Haya, kisima sasa.

Kuhama kwa watu wa Takwa kunaelezwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni vita: Pate ilikuwa dola kali, na visiwa hivi vilipigana sana. Ya pili ni kwamba maji ya visima yaliingia chumvi. Mimi nachagua ya pili, au niseme naona ya kwanza haikuwa na nguvu bila ya pili. Ukuta unaweza kumzuia adui. Hauwezi kuzuia kiu.

Ukisimama Takwa utaona kwa nini. Upande mmoja kuna hori, upande wa pili, nyuma ya vilima vya mchanga, kuna bahari kuu. Ardhi iliyo katikati ni nyembamba. Kwenye kisiwa kama hiki maji matamu hayatoki mtoni, yanatoka mawinguni. Mvua inazama mchangani, na kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, yanaelea juu yake chini ya ardhi, kama mafuta juu ya mchuzi. Unachota hayo yanayoelea. Ukichota kupita kiasi, au mvua ikikosa miaka kadhaa, ya chini yanapanda. Na yanapanda kwa kasi usiyoitarajia: kwa hesabu za wanajiolojia, kila mita moja ya usawa wa maji matamu unayoishusha, chumvi inaweza kupanda mita 40 hivi. Mji wenye misikiti, wenye watu wanaotawadha mara tano kwa siku, wenye ng'ombe na mafundi wa kuchanganya chokaa, unakunywa mengi. Siku moja mtu aliteka ndoo, akaonja, akatema. Tarehe hiyo haikuandikwa popote.

Manda haijapona tangu hapo. Kijiji cha Maweni, wanakochonga mawe ya kujengea nyumba za Lamu, wanaishi kwa maji ya mvua yanayokusanywa kwenye majabia, na mvua ikigoma, maji yanaletwa kwa boti. Watu wanaotoa mawe ya nyumba za wenzao hawana kisima cha maji matamu.

Waliotoka Takwa walivuka mkondo wakaenda Shela, ncha ya kisiwa cha Lamu. Hivyo ndivyo watu wa Shela wenyewe wanavyosimulia. Huko ndiko, takriban mwaka 1813, jeshi la Pate na Wamazrui wa Mombasa lilishuka ufukweni, likapigwa, likakimbilia vyombo vyake na kukuta maji yamekupwa, vyombo vimekwama mchangani. (Nahodha alinisimulia vita hivyo akicheka kana kwamba alikuwepo.) Msikiti wao wa Ijumaa, wa mwaka 1829, una mnara mnene mweupe uliochongoka juu, na mtu aliyetoka kuona nguzo ya Takwa haoni kama ni kitu kigeni sana. Hilo ni jicho langu tu, siwezi kuliapia.

Shela walipata kitu ambacho Takwa ilikosa: vilima vikubwa vya mchanga. Mchanga ule ndio tangi la maji. Mvua inanyesha, inazama, inachujwa, inaelea, na visima vya Shela ndivyo vinavyonywesha mji wa Lamu hadi leo, mji ambao UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001 kwa ajili ya nyumba zake. Nyumba zinapigwa picha, mchanga haupigwi. Shela ya sasa ni mahali pa hoteli na majumba ya wageni, mengine yana vidimbwi vya kuogelea, na ugomvi wa nani ajenge wapi juu ya vilima vile umekuwa ukirudi kila baada ya muda. Ng'ambo ya pili, bara, gati ya kwanza ya bandari mpya ya Lamu ilifunguliwa Mei 2021. Bandari haiji peke yake, inakuja na watu, na watu wanaoga.

Sisemi watu wasije. Mimi mwenyewe nilikwenda, nikalala Shela, nikaoga mara mbili kwa siku kwa sababu ya joto. Nasema tu kwamba hesabu ile ya mita moja kwa 40 haijabadilika tangu karne ya 17.

Kaburi la nguzo nililiacha mwisho kwa sababu liko nje ya ukuta, kuelekea hori. Lina maandishi, na tarehe inayoangukia mwanzoni mwa miaka ya 1680, yaani karibu na mwisho wa mji. Watu wa Shela bado wanavuka kuja kulizuru na kuomba mvua. Nilipenda hilo. Karne tatu zimepita, na bado wanarudi kuomba mahali pale pale maji yalipowaishia babu zao.

Nahodha alikuwa ameketi kivulini akitazama hori. Nikamuuliza kama yeye amewahi kuja kuomba.

"Nimekuja tangu mtoto. Mama alikuwa akinileta. Wanawake wakipika hapa, watoto twacheza kule mibuyuni."

"Na maji ya kupikia mlitoa wapi, baba?"

"Shela. Tulipakia mitungi."

Aliinuka, akapangusa mchanga kikoini, akaonyesha kwa kidevu mizizi ya mikoko iliyokuwa imeanza kuonekana.

"Haya, ndoo. Mai yanatoka."