Terrell Owens: alistahili kuingia jumba la magwiji au hakustahili?

Leo naomba tutoke kidogo kwenye soka letu, tuende kwenye ule mpira wa Wamarekani wa kuvaa kofia ngumu. Nina binamu yangu yuko Texas, na kila tukiwasiliana lazima tubishane juu ya mtu mmoja: Terrell Owens, maarufu kama T.O. Ubishi umekuwa mrefu mpaka nikaona niuweke hapa wote, kwa mpangilio, ili na asiyejua mchezo huu apate pa kuanzia.

KWANZA, MPOKEAJI NI NANI?

Kwenye mchezo ule kuna mrushaji, na kuna wapokeaji wanaokimbia mbele wakiwindwa na mabeki ili waudake mpira. Mpokeaji anapimwa kwa vitu vitatu: amedaka mara ngapi, amesogeza timu yadi ngapi, na amefunga mara ngapi. Kufunga kunaitwa tachidauni, pointi 6.

Owens alizaliwa 1973, akakulia Alexander City, Alabama, akasoma chuo cha Chattanooga, Tennessee. Mwaka 1996 San Francisco 49ers walimchukua akiwa chaguo la 89, yaani hakuna aliyemtegemea sana. Alikaa hapo misimu 8, halafu Philadelphia Eagles 2, Dallas Cowboys 3, Buffalo Bills 1 na Cincinnati Bengals 1. Mechi yake ya mwisho kwenye ligi ya NFL ilikuwa 2010.

Aliacha nini? Mipira 1,078, yadi 15,934 na tachidauni 153 za kudaka. Alipomaliza, aliyemzidi yadi katika historia yote alikuwa mmoja tu, Jerry Rice.

JUMBA LENYEWE

Pro Football Hall of Fame liko Canton, Ohio, tangu 1963. Mchezaji anasubiri miaka 5 baada ya kustaafu ndipo jina lake lijadiliwe. Wanaopiga kura wengi wao ni waandishi wa michezo, na mtu lazima apate asilimia 80. Ukipita unachongwa sanamu ya kichwa na unavishwa koti la dhahabu. Hapa shikeni neno moja: wapiga kura wanaelekezwa waangalie mambo ya uwanjani tu.

Owens alianza kujadiliwa 2016. Akakataliwa. 2017 akakataliwa tena. Akapita 2018.

WANAOMPINGA WANASEMAJE?

Binamu anaanza hivi: kama alikuwa mzuri kiasi hicho, mbona timu zilikuwa zinamtimua? Na kweli, jamaa alikuwa mgomvi. Mwaka 2000 alifunga Dallas, akakimbia mpaka katikati ya uwanja kusherehekea juu ya nyota yao. Mwaka 2002 alifunga, akachomoa kalamu kwenye soksi na kuusaini mpira hapo hapo. Hayo tunacheka. Ya 2005 hayachekeshi. Alikuwa amesaini na Eagles mwaka mmoja tu nyuma, mkataba wa miaka 7, akataka uandikwe upya. Akagombana na mrushaji wake, Donovan McNabb. Alipofukuzwa kambini akafanya mazoezi ya tumbo nje ya nyumba yake, kamera zikimpiga. Novemba timu ikamsimamisha, na Eagles, waliocheza fainali msimu uliotangulia, wakamaliza na ushindi 6 na vipigo 10.

Hoja yao ni kwamba chumba cha kubadilishia nguo nacho ni sehemu ya uwanja. Anayevunja timu ndani anaifungisha timu nje. Sikatai kwamba hoja hii ina uzito. Mtaani kwetu tulikuwa na mshambuliaji wa namna hiyo, anafunga mawili halafu anawatukana mabeki wake mwenyewe. Alipohama tulifungwa zaidi, lakini tulilala vizuri.

Wanaongeza kwamba alikuwa anaangusha mipira rahisi, na hakuwahi kutwaa Super Bowl.

KWA NINI MIE NASEMA ALISTAHILI

Miaka mingi nilikuwa upande wa binamu. Mechi mbili zilinigeuza.

Ya kwanza ni ya Januari 3, 1999, 49ers na Green Bay Packers. Siku hiyo Owens aliangusha mipira mpaka aibu. Zimebaki sekunde chache, timu iko nyuma, Steve Young akamrushia tena yeye huyo huyo, katikati ya mabeki. Akadaka, wakashinda 30 kwa 27, akamkumbatia kocha wake huku analia. Makosa yake na ukubwa wake vyote viko kwenye mechi moja.

Ya pili ni Super Bowl ya Februari 2005. Wiki kama 7 kabla yake alivunjika mfupa wa mguu, akawekewa skrubu, na daktari aliyempasua hakumruhusu kucheza. Akacheza. Alidaka mipira 9, yadi 122. Eagles walifungwa 24 kwa 21 na New England Patriots, lakini usiniambie mtu huyo alikuwa hajali timu.

Na baada ya fujo za 2005? Alienda Dallas akafunga 13, kisha 15, kisha 10. Huyo si mtu aliyekwisha.

Sasa linganisheni. Mwaka 2016 walimpitisha Marvin Harrison, mtu mkimya, wa timu moja, mwenye pete ya ubingwa. Harrison alistahili, sibishi: mipira 1,102, yadi 14,580, tachidauni 128. Lakini Owens alimzidi yadi 1,354 na tachidauni 25, akaachwa mlangoni. Kama kipimo ni uwanja, tofauti hiyo ilitoka wapi? Nadhani wapiga kura walikuwa wanamlipa kwa tabia yake, na wengi wao ni watu wa habari aliowahi kuwaudhi.

ALIVYOMALIZIA

Alipochaguliwa 2018, akagoma kwenda Canton. Agosti 4 akafanya sherehe yake Chattanooga, kwenye ukumbi wa chuo chake. Binamu anasema hapo ndipo alipothibitisha kwamba wapiga kura walikuwa sahihi. Mie nasema alikosea kidogo, kwa sababu siku ile ilikuwa pia ya wenzake walioingia naye. Lakini mtu uliyemfungia mlango mara mbili, huwezi kumlazimisha afurahi ukimfungulia ya tatu.

Mimi msimamo wangu ni huu: jumba ni la kazi. Ukianza kupima tabia, anayependwa na wapimaji atapita kwanza, na huo mchezo tunaujua vizuri hata huku kwetu, maofisini na kwenye timu zetu. Binamu hajakubali mpaka leo.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Nyie mngekuwa na kura, mngempa?