POLISI WALIPOTUMWA KUMKAMATA MTU WA KITABUNI!

Kenya, mwanzoni mwa 1987. Serikali inasikia kuna jamaa anaitwa Matigari, anazunguka nchini akidai ukweli na haki. Kwa simulizi ya mwandishi mwenyewe, amri ikatoka: akamatwe! Kumbe Matigari ni mhusika tu wa riwaya ya Kigikuyu iliyotoka 1986. Basi wakakigeukia kitabu, nakala zikazolewa madukani. Vitabu vyake vingine navyo vikaondolewa mashuleni, na mwenyewe alikuwa ameshakimbilia Uingereza.

Sasa sikia hii. Mwaka 1977 mwandishi huyohuyo alitoa riwaya ya Kiingereza iliyowachana vigogo bila huruma, na waziri mzima akaja kuizindua! Mwaka huohuo akashirikiana na mwenzake kuandika tamthilia ya Kigikuyu, ikachezwa na wakulima na wafanyakazi kijijini. Ikapigwa marufuku, naye akakaa kizuizini karibu mwaka mzima bila kesi.

Hasira ileile, lugha tofauti. Kitabu cha kukaa kabatini hakikumnyima kigogo usingizi. Kilichomtisha ni kile ambacho mama muuza mboga anakielewa, halafu anamsimulia jirani yake.