Hukwe Zawose

Hukwe Ubi Zawose (takriban 1938 – 30 Desemba 2003) alikuwa mwanamuziki na mtunzi wa nyimbo wa kabila la Wagogo kutoka mkoa wa Dodoma, Tanzania. Alijulikana kwa sauti yake, kwa kupiga zeze, na hasa kwa ilimba, yaani marimba ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba.

Maisha

Rais Julius Nyerere alimwita Dar es Salaam akafanye kazi ya muziki huko. Baadaye aliishi Bagamoyo. Tangu 1984 alipiga muziki nchi za nje, na kampuni ya Real World ya Mwingereza Peter Gabriel ilitoa albamu zake Chibite (1996) na Assembly (2002), hii ya pili akiwa na Michael Brook wa Kanada.

Ulinganisho na Haydn

Maisha yake yanafanana na ya Joseph Haydn (1732–1809), mtunzi wa Austria, kuliko wengi wanavyodhani. Haydn, mtoto wa fundi wa magurudumu, aliajiriwa mwaka 1761 na makabaila wa ukoo wa Esterházy. Mkataba wake wa kwanza ulimkataza kumtungia mtu mwingine bila ruhusa. Alifika London 1791, akiwa na miaka 58, na kushangiliwa sana. Zawose naye aliinuliwa na mkubwa wa nchi, akapata sifa Ulaya akiwa mtu mzima.

Wanatofautiana katika namna kazi zao zinavyodumu. Simfonia za Haydn, zaidi ya 100, ziko kwenye karatasi. Orkestra yoyote inaweza kuzipiga. Zawose hakutunga kwa nota, na nota za kawaida zisingetosha, kwa kuwa ngazi ya sauti za Kigogo hailingani sawasawa na vibonyezo vya kinanda. Mbali na albamu, muziki wake ulikaa vichwani na mikononi mwa jamaa zake. Kwa hiyo kifo cha Charles Zawose, mtoto wa ndugu yake aliyepiga naye, mwaka 2004, kilikuwa pigo la pili kwa muziki huo katika muda mfupi.

Mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah walitoa albamu Maisha kwa jina la The Zawose Queens. Humo wanawake ndio wanaoongoza, nafasi ambayo hapo awali ilishikwa na wanaume wa ukoo huo.